Kifua Kinapobana Hedhi Inapoelekea Kukoma

Miongoni mwa dalili zinazoambatana na kukoma hedhi, kukosa pumzi huzungumzwa kwa nadra, ingawa ni mojawapo ya zile zinazotisha zaidi, kwa kuwa mwanamke anayepandwa na joto la ghafla hujua kwamba anaona joto tu, ilhali anayehisi kwamba hewa haiingii kifuani hudhani kwamba saa yake imefika. Wanawake wa Afrika Mashariki huieleza hali hiyo kwa namna nyingi: kifua kimebana, pumzi zinakata, moyo unakwenda mbio, presha imepanda. Jibu wanalolipata nyumbani, na mara nyingine hata zahanati, huwa moja kati ya mawili, ama kwamba hayo ni mawazo tu, ama kwamba ni presha na wameze vidonge. Majibu yote mawili yana upungufu, kwani kukosa pumzi katika umri huu ni tukio halisi la mwili lenye vyanzo kadhaa, vingine vikiwa vya homoni, vingine vya hofu, na vingine vya maradhi yasiyohusiana na hedhi hata kidogo, na kazi ya kwanza ni kuvitenganisha.

Kitaalamu, hedhi huhesabiwa kuwa imekoma baada ya mwanamke kukaa miezi 12 mfululizo bila kuona damu, pasipo sababu nyingine kama vile ujauzito, kunyonyesha au dawa, na kwa walio wengi duniani jambo hilo hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Hata hivyo, misukosuko haisubiri tarehe hiyo. Hutanguliwa na kipindi cha mpito, ambacho kwa wastani huchukua miaka minne hivi lakini kwa baadhi ya wanawake hufikia hata kumi, na katika kipindi hicho ovari, yaani viungo vinavyotunza mayai ya uzazi, hutoa homoni bila mpangilio. Wengi hudhani kwamba estrojeni, homoni kuu ya kike, hupungua polepole mwezi hadi mwezi. Ukweli ni kwamba hupanda na kushuka kwa ghafla, mara nyingine ikizidi hata kiwango cha ujanani, kabla ya kutulia chini. Kuyumba huko ndiko kunakofanya baadhi ya wanawake wateseke zaidi wakati ambapo bado wanaona siku zao, na ndiko kunakofanya wao wenyewe na wauguzi wao wasifikirie kabisa habari ya kukoma hedhi.

Homoni hizo zina kazi kubwa nje ya mfuko wa uzazi. Projesteroni, ambayo ni homoni ya pili ya kike, huchochea sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji, na ndiyo sababu mojawapo ya mjamzito kuvuta hewa nyingi kuliko kawaida hata kabla mimba haijawa kubwa. Isitoshe, mwili huigeuza projesteroni kuwa kemikali nyingine, iitwayo alopregnanoloni, ambayo hutuliza neva za ubongo. Estrojeni nayo inahusika na serotonini, kemikali inayosaidia kuweka sawa hisia na usingizi. Homoni hizo zinapoyumba, utulivu huo huyumba nao. Wakati huohuo haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo inayosimamia joto la mwili, huwa nyepesi kushtuka, kiasi kwamba badiliko dogo tu la joto huifanya ipanue mishipa ya damu ya ngozi na kufungulia jasho, huku moyo ukiongeza kasi. Wimbi hilo la joto kwa kawaida hudumu kati ya dakika moja na tano, na baadhi ya wanawake hueleza kwamba sekunde chache kabla halijawafikia hushikwa na hofu isiyo na sababu au kuhisi moyo umeruka.

Mapafu yenyewe pia hayabaki nyuma. Utafiti wa Ulaya uliowafuatilia wanawake 1,438 kwa takriban miaka 20, na ambao uchambuzi wake uliongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bergen nchini Norway, ulionyesha kwamba uwezo wa mapafu, ambao hupungua kwa kila mtu mzima kadiri umri unavyosonga, hupungua kwa kasi zaidi katika miaka ya mpito na baada yake. Kwa mwanamke mwenye afya njema upungufu huo peke yake hautoshi kumfanya atwete. Lakini kwa yule aliyepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha tangu usichana wake, ambaye mapafu yake yalikwisha kuchoka kwa moshi, akiba iliyobaki ni ndogo, na upungufu huo huanza kujitokeza pale anapopanda kilima au anapobeba ndoo ya maji.

Hofu huingia kwenye habari hii kwa mlango wake wenyewe. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mwingereza David Clark alieleza jinsi shambulio la hofu, yaani mfululizo wa dakika chache za woga mkali unaokuja bila hatari yoyote ya kuonekana, linavyojengeka: mtu huhisi badiliko la kawaida mwilini, hulitafsiri kuwa dalili ya msiba, tafsiri hiyo humtia woga, na woga huzidisha badiliko lilelile aliloanza nalo. Mwanamke aliye katika kipindi cha mpito ana wingi wa mabadiliko ya kutafsiri. Moyo unapokwenda mbio kwa sababu ya wimbi la joto, naye akadhani ni ugonjwa wa moyo, mwili hutoa adrenalini, homoni ya kujihami, ambayo huongeza kasi ya moyo na kumfanya aheme haraka. Ajabu ni kwamba kuhema huko hakumletei nafuu, kwa kuwa damu ya mtu mwenye mapafu mazima tayari imejaa oksijeni karibu kabisa, na kinachobadilika ni kaboni dayoksaidi, ile hewa chafu tunayoitoa, ambayo sasa hutoka nje kwa wingi kupita kiasi. Kiwango chake kinaposhuka katika damu, mishipa ya ubongo hunywea na kuleta kizunguzungu, vidole na midomo hufa ganzi au kuchomachoma, misuli ya kifua hukaza, na mtu hupata hisia kwamba hewa haitoshi, kwa hiyo huzidi kuhema. Kwa maneno mengine, anayelalamika kwamba hapumui huwa anapumua kupita kiasi, na kumwambia avute pumzi ndefu zaidi, kama wanavyofanya watu wengi kwa nia njema, ni kumwongezea tatizo.

Haifai kudhani kwamba hayo huwapata wale tu waliozaliwa waoga. Katika utafiti mkubwa wa Marekani unaojulikana kwa kifupi kama SWAN, ambao umewafuatilia wanawake wa asili mbalimbali tangu miaka ya 1990, ilionekana kwamba waliokuwa na wasiwasi mwingi tangu mwanzo waliendelea kuwa nao katika hatua zote, ilhali wale waliokuwa watulivu ndio ambao uwezekano wao wa kupata wasiwasi mkubwa uliongezeka walipoingia katika kipindi cha mpito. Mwanamke ambaye kwa miaka yote alisimamia biashara, kikoba na ada za watoto bila kutetereka, kisha akajikuta anatetemeka ndani ya daladala iliyojaa, hajadhoofika imani wala tabia.

Usiku una mambo yake. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, mtu anayegutuka usingizini akiwa amelowa jasho na kifua kimebanwa husemwa kuwa amekaliwa na jinamizi, na bila ya kuingia katika mjadala wa imani, inafaa kujua kwamba baada ya hedhi kukoma huongezeka sana uwezekano wa kukatika pumzi usingizini, hali ambapo njia ya hewa kooni hujifunga kwa sekunde kadhaa na kujifungua tena mara nyingi kwa usiku mmoja. Aliye karibu husikia mkoromo mkubwa, kisha kimya, kisha mtu anakurupuka akitafuta hewa. Mwenye hali hiyo huamka amechoka, kichwa kinauma, na huenda presha yake ikapanda mchana. Tiba ipo, lakini daktari hataifikia iwapo hataelezwa habari ya mkoromo, jambo ambalo wanawake wengi huona aibu kulitaja.

Chanzo kinachostahili kuzungumzwa kwa urefu kuliko vyote, kwa sababu ni cha kawaida, hupimwa kwa bei nafuu na bado hupuuzwa, ni upungufu wa damu. Katika kipindi cha mpito yai huenda lisipevuke kwa mwezi mmoja au zaidi, na bila projesteroni ya kutosha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huzidi kunenepa, hivi kwamba hedhi inapokuja huja kwa mafuriko. Na iwapo kuna uvimbe wa fibroidi, ambao huwapata wanawake wengi weusi, damu huzidi zaidi. Mwanamke anayelazimika kubadili pedi kila baada ya saa moja au mbili, au anayetokwa na mabonge makubwa ya damu, au ambaye siku zake hupita saba, anapoteza madini ya chuma kwa kasi isiyofidiwa na chakula chake. Kwa kuwa chuma ndicho kinachojenga himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, moyo hulazimika kuzungusha damu hafifu kwa kasi zaidi ili viungo vipate haki yao, na matokeo yake ni yaleyale yanayodhaniwa kuwa wasiwasi: moyo kudunda, kutweta kwa kazi ndogo, kizunguzungu, uchovu usioisha hata baada ya kulala. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mwanamke mzima asiye mjamzito ana upungufu wa damu iwapo himoglobini yake iko chini ya gramu 12 kwa desilita, na kipimo hicho hupatikana hata katika vituo vingi vidogo vya afya. Vidonge vya chuma hurejesha hali kwa wiki na miezi, si kwa siku mbili, na chai inayonywewa pamoja na chakula, desturi iliyoenea toka Mombasa hadi Bujumbura, hupunguza chuma kinachofyonzwa tumboni, kwa hiyo ni bora ikae mbali na mlo na mbali na vidonge, huku chungwa au limau likisogezwa karibu. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu kimyakimya na inafaa kuchunguzwa. Zaidi ya hayo, damu inayorudi baada ya miezi 12 ya ukavu haipaswi kuitwa hedhi iliyochelewa, bali ni sababu ya kwenda hospitali mapema ili shingo ya kizazi na mfuko wa uzazi vichunguzwe.

Yapo maradhi mengine yanayovaa sura hiyohiyo. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta jasho, mtetemeko, kukonda na moyo kwenda mbio, kiasi cha kuweza kumdanganya hata mtaalamu. Pumu inaweza kuanza ukubwani. Kifua kikuu hutoa jasho la usiku kama lile la kukoma hedhi, ila kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni na kupungua uzito hukitofautisha. Moyo uliochoshwa na shinikizo la damu la miaka mingi humfanya mtu ashindwe kulala chali bila mito kadhaa, na miguu yake huvimba jioni. Mshtuko wa moyo kwa wanawake mara nyingine hauji na yale maumivu makali ya kifua yanayoonyeshwa kwenye filamu, bali huenda ukaja na kukosa pumzi, kichefuchefu, uchovu wa ghafla, maumivu ya taya, mgongo au mkono. Kwa hiyo, pumzi inayokatika ghafla na kutotulia, maumivu ya kifua yanayozidi, kuzimia, midomo kuwa ya buluu, kukohoa damu, au mguu mmoja uliovimba na kuuma, ambao huashiria kuganda kwa damu, ni mambo ya hospitali saa ileile, na hakuna zoezi la kupumua linalopaswa kujaribiwa badala yake.

Kuhusu presha, tahadhari moja inahitajika. Kipimo kinachochukuliwa wakati mtu anatetemeka kwa hofu hutoa namba kubwa, na namba hiyo haitoshi kumhukumu kuwa mgonjwa. Anapaswa kupimwa akiwa amekaa na kutulia kwa dakika tano hivi, na kurudiwa siku nyingine, kabla ya kuamua kwamba amefikia 140 kwa 90 au zaidi. Kumeza vidonge vya presha vya jirani ni hatari. Vivyo hivyo, kipulizo cha pumu cha kuazima humfanya asiye na pumu atetemeke na moyo wake uzidi mbio, na diazepamu inayouzwa kiholela katika baadhi ya maduka ya dawa hutuliza kwa saa chache, kisha humfunga mtu katika utegemezi.

Baada ya maradhi kuondolewa shakani, linabaki suala la kuishi na hali yenyewe. Wataalamu wa kukosa pumzi wa Cambridge, Uingereza, walichapisha mwaka 2017 maelezo yanayogawa tatizo hili katika miduara mitatu inayolishana: wa upumuaji, wa fikra na wa shughuli. Faida ya mgawanyo huo ni kwamba kuukata mduara mmoja hulegeza mingine, hivyo kila mtu anaweza kuanzia pale panapomwia rahisi.

Katika upumuaji, kinachohitajika ni kurefusha pumzi inayotoka. Mwanamke hukaa, huinama mbele kidogo na kuegemeza viwiko juu ya mapaja au mezani ili misuli ya mabega ipumzike, huingiza hewa kwa pua kwa hesabu ya nne huku akiacha tumbo lijae, kisha huitoa kwa hesabu ya sita kupitia midomo iliyobanwa kidogo, kama anayepoza uji wa moto. Mwendo huo huleta pumzi sita kwa dakika, tofauti na 12 hadi 20 za kawaida, nao huamsha neva ya vagasi, inayopunguza kasi ya moyo. Zoezi hilo linapaswa kufanywa kila siku wakati wa utulivu, kwa kuwa mwili ulioogopa haujifunzi jambo jipya. Kipepeo cha ukili kinachopeperushwa karibu na uso nacho husaidia kweli, kwani upepo unaogusa mashavu na pua hupunguza hisia ya kukosa hewa, na madaktari wanaowahudumia wagonjwa wa mapafu huko Ulaya sasa hupendekeza kipepeo kidogo cha mkononi. Kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi, ushauri wa zamani ambao bado unazunguka, hakufai, kwa kuwa iwapo chanzo ni moyo au mapafu mgonjwa atanyimwa oksijeni anayoihitaji. Ni vizuri pia kutodai makubwa: kupumua polepole hupunguza hofu na kuhema, lakini majaribio ya karibuni hayakuthibitisha kwamba kunapunguza idadi ya mawimbi ya joto. Jambo la pembeni lenye mvuto ni kwamba utafiti wa Kiitalia uliochapishwa mwaka 2001 uligundua kuwa kusali rozari kwa Kilatini huwafikisha watu kwenye pumzi zilezile sita kwa dakika. Anayevuta uradi kwa utaratibu bila haraka huenda anafanya kazi ya aina hiyo bila kupewa somo.

Katika fikra, tiba iliyothibitishwa zaidi ni ile ya mazungumzo inayomsaidia mtu kutambua tafsiri anazozipa dalili zake na kuzipima upya. Myra Hunter na wenzake wa King's College London waliionyesha kwa wanawake wenye mawimbi ya joto: mawimbi yalibaki, lakini usumbufu wake ulipungua. Wanasaikolojia ni wachache katika nchi nyingi za Afrika, na hapo mfano wa Benchi la Urafiki, ulioanzishwa Zimbabwe mwaka 2006 na daktari wa akili Dixon Chibanda, una maana ya pekee, kwa sababu waliofunzwa kusikiliza na kusaidia kutatua matatizo hatua kwa hatua walikuwa wanawake wazee wa mtaani, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliopitia mikononi mwao walipata nafuu kubwa ya wasiwasi na huzuni kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi ambaye mwenyewe alikwisha kuvuka umri huo ana sifa ambayo chuo hakiwezi kuitoa.

Mduara wa tatu hujengeka pale mwanamke anapoacha kutembea, kupanda ngazi au kwenda sokoni kwa kuogopa kutweta, kwani misuli isiyotumika hudhoofika na kuhitaji oksijeni nyingi zaidi kwa kazi ileile, na hivyo anatweta mapema zaidi. Kutembea kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza, kuanzia dakika kumi na kuongeza kidogokidogo, ni tiba. Sigara, ugoro, miraa, na kahawa nyingi za jioni huchochea moyo na inafaa zipunguzwe.

Kwa wale ambao dalili zao ni kali, tiba ya homoni ndiyo yenye nguvu zaidi dhidi ya mawimbi ya joto, na usingizi unaporudi, wasiwasi nao mara nyingi hulegea. Hofu kuhusu tiba hiyo ilienea baada ya jaribio kubwa la Marekani kusimamishwa mwaka 2002, lakini washiriki wake walikuwa na umri wa wastani wa miaka 63. Kwa anayeianza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka kumi tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi madhara, isipokuwa awe amewahi kupata saratani ya matiti au kuganda kwa damu, ana ugonjwa mkali wa ini, au anatokwa na damu isiyojulikana chanzo chake. Zipo pia dawa za kutibu huzuni na wasiwasi ambazo hupunguza mawimbi ya joto kwa kiasi. Zote huhitaji daktari, na daktari atafanya kazi yake vizuri zaidi akiletewa daftari lenye tarehe za hedhi, saa ambazo pumzi hukatika, muda inaochukua, na alichokuwa akifanya mgonjwa kabla.

Waliomo nyumbani nao wana sehemu yao. Mume, mtoto au wifi anayemkuta akihema hana haja ya kumzunguka na majirani wala kumwamrisha aache woga. Inatosha kufungua dirisha, kumlegezea nguo ya shingoni, kukaa kando yake na kuhesabu kwa sauti ya chini, nne kwa kuingiza na sita kwa kutoa, mpaka apate mwendo. Shambulio la hofu kwa kawaida hufikia kilele ndani ya dakika kumi na kutulia ndani ya nusu saa. Likipita muda huo, likiambatana na maumivu ya kifua, au likiwa ndilo la kwanza maishani mwake, atafutiwe usafiri wa kwenda hospitali.